Kioo cha Kumi na Nne

Bahasha ilikuwa tupu. Juu ya hilo watu wote wa jumba la makumbusho ya jeshi walikubaliana, na Mama Kwa Nini alipoichungulia kwa mara ya tatu hakuona sababu ya kubishana nao.

Jina hilo alipewa kazini na mtu aliyedhani anamtania. Alikuwa inspekta wa upelelezi, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, na kwa miaka kumi na minane alikuwa na tabia ya kuuliza swali, kujibiwa, kisha kuliuliza tena kana kwamba jibu limempita pembeni. Wenzake walichoka zamani. Yeye ndiyo kwanza anapasha moto.

"Nieleze upya," alimwambia Mtunzaji. "Mimi vioo navijua vya dirishani tu."

Mtunzaji alikuwa bwana mwembamba mwenye glavu nyeupe za pamba, na ilisemekana huzivua kwa ajili ya kula tu. Chumba cha hifadhi kilikuwa himaya yake: rafu za chuma, meza moja ndefu, dirisha moja, na masanduku ya mbao. Zamani, kabla ya filamu, mpiga picha alibeba vioo vilivyopakwa dawa, kila picha na kioo chake. Sanduku lililokuwa mezani lilibeba vioo ishirini na vinne vya vita vya mpakani, vilivyopigwa miaka sabini na tatu iliyopita. Kila kimoja kilisimama wima katika mfereji wake, ndani ya bahasha ya karatasi yenye namba.

"Kumi na nne ndicho cha bendera nyeupe," alisema Mtunzaji. "Picha yake unaijua."

Nani asiyeijua? Ilikuwa kwenye vitabu vya shule. Sajini amesimama juu ya mawe, ameinua mti wenye kitambaa cheupe chenye doa jeusi katikati, na wenzake wamelala miguuni pake. Miaka kumi na moja baada ya vita, mchoraji ambaye hakuwahi kukanyaga kilima kile aliitazama picha hiyo akachora mchoro mkubwa wa rangi uliotundikwa ukumbini, na lile doa akalipaka rangi ya damu. Tangu hapo sajini akawa ndiye aliyesalimu amri na kukiuza kilima, na kwa kuwa alikufa palepale, hakurudi kujitetea. Jumamosi ungezinduliwa ukuta wa majina ya mashujaa wa kilima. Majina arobaini yalikuwa yamekwisha chongwa, na lake halikuwemo.

Kitukuu wa sajini huyo alifanya kazi humohumo jumbani, chini, kwenye karakana ya fremu. Daftari lilionyesha kwamba yeye ndiye wa mwisho kutia saini kwa kioo cha kumi na nne kabla hakijapotea. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha piga simu mara mbili: ikifika saa tisa alasiri bila kioo kuonekana, binti ashtakiwe kwa kuharibu mali ya taifa.

"Nani anaruhusiwa kuvigusa?"

"Mwenye fomu. Fomu moja, kioo kimoja. Anaandika namba na sababu, namwekea sanduku hapa, anatoa alichoomba mbele yangu, anatazama, anarudisha mwenyewe. Nami nafunga."

"Kwa nini arudishe mwenyewe?"

"Ili kikivunjika, kivunjike mkononi mwake." Mtunzaji alisema hivyo bila aibu yoyote.

"Na vingine?"

"Haviguswi. Kioo kisichoombwa hakitolewi. Nilifundishwa hivyo siku yangu ya kwanza na nitastaafu hivyohivyo."

"Hata polisi walipokuja Ijumaa?"

"Niliwaambia hivyohivyo. Walikuwa waungwana, wakaniandikia kwamba wamenielewa."

Mama Kwa Nini alilivuta daftari. Alhamisi, saa nne kasorobo: Fundi Fremu, kioo cha kumi na nne, kupima fremu. Alhamisi, saa nne na nusu: Profesa, kioo cha kumi na tisa, utafiti. Ijumaa, saa mbili: Mpiga Picha, kioo cha kumi na nne, kuchapa picha kubwa ya uzinduzi. Huyo ndiye aliyefungua bahasha akakuta hewa.

"Alhamisi ulitoka humu?"

"Mara moja, kupokea simu koridoni. Dakika mbili."

"Saa ngapi?"

"Sikumbuki. Simu haina fomu."

Kulikuwa pia na maelezo ya Profesa, mwanahistoria wa jumba, aliyeandika kitabu kinene kuhusu kilima kile. Kwa mwandiko mzuri alieleza kwamba alipishana na Fundi Fremu ngazini, naye alikuwa amekumbatia kitu bapa kilichofungwa kitambaa, "akitembea kama mtu aliyebeba maji." Maelezo hayo ndiyo yaliyompa Mkuu wa kituo usingizi mnono.

Akishuka ngazi, Mama Kwa Nini alisimama mbele ya picha ya zamani ya ukumbini. Kibao chake kilisema ilichapwa moja kwa moja kutoka kwenye kioo, kwa saizi ileile. Alitoa futi ya fundi cherehani mkobani, maana mkoba ule haukukosa kitu, akaipima. Upana sentimita kumi na tisa, urefu kumi na nane. Akaandika kwenye kiganja.

Karakana ilikuwa kama imepitiwa na kimbunga. Polisi wa Ijumaa walimwaga hata gunia la maranda. Fundi Fremu, mwanamke wa miaka kama thelathini mwenye gundi iliyokauka hadi viwikoni, alikuwa anaokota misumari midogo mmojammoja na kuirudisha mkebeni.

"Yule bibi aliyekaa langoni na chombo cha chakula ni wako?"

"Ni bibi yangu. Mtoto wa sajini. Alikuwa na miaka saba baba yake alipoondoka." Fundi Fremu hakuinua kichwa. "Ameniletea chakula, maana amesikia mnanichukua leo. Nimemwambia aingie akae kivulini, hataki. Tangu mchoro ule utundikwe hajavuka mlango wa jumba hili. Miaka sitini na kitu. Hata vitabu vyangu vya shule alikuwa anachana ule ukurasa kabla sijavifungua."

"Shuleni walikuitaje?"

"Kitambaa."

"Kwa hiyo sababu ya kukivunja unayo."

"Ninayo tangu darasa la pili." Sasa aliinua kichwa. "Lakini nina nyundo tatu hapa, Inspekta. Ningetaka kukivunja ningekivunjia palepale mezani kwa Mtunzaji, angalau nimwone anavyolia."

Mama Kwa Nini alijizuia kucheka, ikamshinda kidogo. "Ngazini ulibeba nini?"

"Kipande cha mbao cha mfano. Nilikifunga kitambaa kisichubuke rangi. Kiko nyuma yako."

Kilikuwepo kweli, bapa, na kitambaa chake. Lakini macho ya mpelelezi yalikuwa yamenasa kwenye karatasi iliyopigiliwa ukutani juu ya meza ya kazi. Penseli ilikuwa imeandika: *Kioo 14. Upana 24, urefu 18.*

Akatazama kiganja chake. "Kwa nini wewe una ishirini na nne na ukumbini ni kumi na tisa?"

"Kwa sababu ya ukumbini imekatwa. Nilishangaa mwenyewe. Upande wa kushoto kuna kipande ambacho hakikuchapwa, na mimi niliambiwa nitengeneze fremu ya kioo kizima, basi nikapima kizima."

"Kuna nini kwenye hicho kipande?"

"Sikuelewa. Kioo kinaonyesha kinyume, cheusi cheupe, cheupe cheusi, nami nilikuwa napima kingo. Kitu cha mviringo. Nilidhani pipa."

Mtu aliyekusudia kuharibu kitu angekipimia fremu ya nini, na kwa uangalifu hivyo? Mama Kwa Nini aliibandua karatasi, akaikunja, akaitia mkobani. Ilikuwa saa tano na robo.

Studio ya Mpiga Picha ilikuwa ng'ambo ya barabara, chumba chembamba chenye pazia jeusi na harufu ya dawa. Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sabini, mcheshi, na alirithi kazi kwa baba yake pamoja na kiti cha wateja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, nikupige picha. Uso kama huo unapotea bure polisi."

"Siku nyingine. Kwa nini mtu akate picha upande mmoja anapoichapa?"

"Kingo za kioo huwa chafu. Aliyekipaka dawa alikishika kwa vidole, vidole vikabaki. Wachapaji wa zamani walikata tu, bila kuuliza kuna nini."

"Na vioo vya zamani vinasema kweli?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyengoja swali hilo miaka mingi. Akashusha picha moja ukutani. Mwanamke kijana aliketi wima, gauni jeupe pee, limetapakaa maua meusi.

"Mama yangu. Baba ndiye aliyempiga hiyo picha. Gauni unalionaje?"

"Jeupe, maua meusi."

"Lilikuwa la bluu, na maua ya njano. Vioo vile vilikuwa na macho mabovu, binti yangu. Bluu vinaiona nyeupe. Njano na nyekundu vinaziona nyeusi. Ndiyo maana mbingu za picha za zamani ni tupu, kama karatasi. Mama alinung'unika mpaka anaingia kaburini kwamba mumewe alimvisha sanda akiwa hai."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mama Kwa Nini hakuuliza kitu. Alikaa na ile picha magotini kwa muda, akifunika ua moja kwa kidole na kulifunua.

"Nani mwingine anayajua haya?"

"Kila aliyewahi kuchapa. Ila sisi hatuulizwi. Au niseme tumeulizwa mara moja: mwezi uliopita Profesa alikuja kuagiza ile picha kubwa, tukapiga soga, nikamwonyesha mama. Akanyamaza hivyohivyo kama wewe. Kisha akaondoka bila kuaga, mwavuli wake huo hapo mlangoni mpaka leo."

Mama Kwa Nini aliuchukua mwavuli. Alimwomba mzee afunge studio na aje jumbani na chochote kinachohitajika ili kuchapa kioo kimoja kwa haraka.

"Kioo kipi? Si kimepotea?"

"Ndiyo maana nimesema uje."

Koridoni, nje ya hifadhi, kulikuwa na ngoma ya jeshi juu ya kiguzo. Alikuwa ameipita mara nne tangu asubuhi. Ilikuwa kubwa kiasi cha kukumbatiwa, ubavu wake umepakwa bluu ya mbingu, na katikati ya bluu hiyo nyota ya njano yenye ncha tano. *Ngoma ya batalioni. Iliokotwa kilimani.* Rangi za batalioni, kwa maneno mengine. Kila mwanafunzi aliyeletwa hapa kwa matembezi alizikariri. Alizunguka ngoma hiyo mara mbili, kisha akaingia hifadhini na kuomba fomu.

Mtunzaji alimpa, akifurahi kuona mtu anayefuata utaratibu. Akaijaza: kioo cha kumi na tisa. Kwenye nafasi ya sababu aliandika jina lake la utani.

"Hiki ni cha punda wa mizigo," Mtunzaji alionya. "Punda sita wamesimama mtoni. Hakuna zaidi."

"Profesa anawatafiti punda?"

"Sikumuuliza. Fomu yake ilijazwa vizuri sana."

"Nitolee wewe. Mikono yangu ni ya polisi."

Mtunzaji alishika bahasha ya kumi na tisa kwa ncha za vidole, akaivuta, na katikati ya kuivuta mkono wake ukasita. Aliipima hewani kama mama anayempima mtoto uzito.

"Mbona kizito?" alisema kwa sauti ndogo.

Aliilaza bahasha mezani, akaifungua. Vikatoka vioo viwili, na kati yake karatasi laini iliyokunjwa kwa ustadi. Cha chini kilikuwa cha punda.

"Siku nne," alisema Mtunzaji. Aliketi. "Kilikuwa hapahapa siku nne, chini ya pua yangu. Laiti ningegusa bahasha moja tu ya pembeni."

"Hakikuombwa," alisema Mama Kwa Nini, si kwa kumcheka. "Na aliyekificha alijua hutagusa. Simu ililia Profesa akiwa hapa, sivyo?"

Mtunzaji aliitikia kwa kichwa, akiwa bado anakitazama kioo.

Profesa alikuja alipoitwa. Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa tai hata siku za joto. Aliona vioo viwili mezani, akaona mwavuli wake umelazwa kando yake, na hakujisumbua kuuliza ameitiwa nini.

"Ulitaka kisionekane mpaka Jumamosi ipite?" aliuliza Mama Kwa Nini.

"Ndiyo. Ukuta uzinduliwe, hotuba zitolewe. Kisha kingeonekana, kama ajali ya utunzaji." Alimtupia Mtunzaji jicho la kuomba radhi lililochelewa. "Kitabu changu kina miaka thelathini. Sura nzima inajengwa juu ya kitambaa kile. Mzee wa studio aliponionyesha gauni la mama yake sikulala. Nilijua kuna kipande kilichokatwa. Nilitaka nikione peke yangu kwanza. Nikakiona."

"Kwa nini hukukivunja?"

Profesa alitazama mikono yake. "Nilikishika nikiwa na nia hiyo. Sijawahi kuharibu kitu cha kale maishani mwangu, Inspekta. Ilinishinda."

"Lakini kumwandikia binti wa watu maelezo ya uongo hakukukushinda."

"Nilimwona kweli amebeba kitu."

"Ulijua ni ubao."

Mama Kwa Nini alimwonyesha kiti cha pembeni akamwambia akae hapo, asubiri gari la kituo. Kwa kweli alimchukia kidogo, na hakujitahidi kuficha.

Kioo kilichapwa uani, saa saba mchana, chini ya jua kali. Mpiga Picha alikibana kizima, bila kukata hata ukucha, juu ya karatasi ambayo huchora kwa mwanga wa jua wenyewe, ndani ya kifremu cha mbao. Akakiegemeza ukutani. Mtunzaji alisimama karibu na glavu zake tayari kudaka. Fundi Fremu aliitwa toka karakana. Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyeitwa hospitali kusikia majibu.

"Hesabuni mpaka mchoke," alisema mzee.

Baada ya dakika kadhaa alifungua mgongo wa kifremu, akainua ncha ya karatasi. Mawe yalikuwa yametokea, kwa rangi ya kahawia. Akafunga. Akafungua tena. Mtu juu ya mawe. Mti mkononi. Kitambaa cheupe kimepeperuka, na lile doa ambalo kwenye picha iliyochakaa ya ukumbini lilikuwa doa tu, hapa lilikuwa na kingo kali. Lilikuwa na ncha. Fundi Fremu alizihesabu kwa sauti, moja mpaka tano.

"Upande wa kushoto," alisema Mama Kwa Nini. "Twende kushoto."

Mzee alifunua karatasi yote. Pembeni, kwenye kile kipande kilichokatwa kwa sababu ya vidole vichafu, kitu cha mviringo kililala juu ya nyasi. Halikuwa pipa. Ilikuwa ngoma, nyeupe, na ubavuni mwake nyota nyeusi yenye ncha tano, mama mmoja baba mmoja na ile ya kitambaani.

Mtunzaji alikuwa wa kwanza kugeuka na kutazama kupitia mlango wazi wa koridoni, ambako ngoma yenyewe ilisimama juu ya kiguzo chake, bluu na njano. Wengine wakafuata macho yake.

"Hakusalimu amri," alisema Fundi Fremu. "Alikuwa ameshika bendera ya batalioni."

"Tena wenzake wote wameshalala," alisema Mpiga Picha, ambaye macho yake yalikuwa ya kazi. "Alibaki peke yake ameishika."

Fundi Fremu alilia hapo hapo, bila kujificha, na Mtunzaji, kwa kukosa la kufanya, alivua glavu moja akampa ajifutie.

Saa nane kasoro dakika kumi Mama Kwa Nini alimpigia simu Mkuu wa kituo. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mkuu aliuliza kama binti kashtakiwa, akajibiwa kwamba kioo kimepatikana. Akaanza kuuliza nani sasa, akajibiwa gari lije na nafasi moja ya mtu mwenye tai. Na jina la arobaini na moja kwenye ukuta? Hilo, alisema Mama Kwa Nini, halikuwa la polisi, lakini yeye mwenyewe angekwenda kwa mkurugenzi wa jumba kuuliza kwa nini halimo, na angeuliza mpaka lichongwe.

Kisha alitoka langoni na ile karatasi ya kahawia. Bibi alikuwa palepale, wima juu ya kigoda, chombo cha chakula magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnamchukua?"

"Hatumchukui."

Alichuchumaa akamweleza yote: gauni la bluu lililogeuka sanda, ngoma, nyota. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Karatasi aliishika mbali na macho, kama wazee wanavyoshika barua, lakini macho hayakumsaidia kwa vitu vidogo tena.

"Alipoondoka bendera ilikuwa ya bluu," alisema hatimaye. "Nilisema nikiwa mtoto. Wakasema mtoto anakumbuka nini."

Akanyoosha mkono ainuliwe. Mjukuu wake alikuwa amefika, akamshika upande wa pili. Walidhani anataka kwenda nyumbani. Aligeukia mlango wa jumba, akauvuka, akapita ngoma baada ya kuipapasa kidogo, akaenda moja kwa moja ukumbini, mpaka mbele ya mchoro uliokuwa mrefu kumzidi mara mbili.

Mama Kwa Nini alisogea, tayari kwa matusi ya miaka sitini. Hayakuja. Bibi alikuwa hakitazami kitambaa wala damu ya mchoraji. Alikuwa ametulia kwenye uso wa sajini, uliochorwa mkubwa, kwa subira, kila mstari mahali pake. Nyumbani kwao hapakuwa na picha ya baba yake hata moja.

"Kitambaa walimkosea," alisema Bibi. "Lakini uso ni wake. Huyu ni baba."

Akaomba kiti.